Simu ya mama Nyamira si ‘ya kitambo’ tu: ina namba, itaje

TUSEME ni Ijumaa jioni. Uko Kisii mjini, umeketi kwenye matatu ukingoja ijae muanze safari ya Nyamira. Mama amekupigia mara tatu. Chama chao kimeanza kutumia apu mpya kuweka rekodi za michango, na wenzake karibu wote wameshaingia. Yeye amejaribu tangu asubuhi. Kila akibonyeza, Play Store inamrudishia sentensi moja: kifaa chako hakioani na toleo hili. Mkutano ni kesho saa nane, na katibu ameshasema daftari la karatasi linafungwa.

Unamjibu vipi? Wengi wetu humaliza mambo haraka: “Mama, hiyo simu ni ya kitambo sana. Wacha tutafute ingine.” Yeye anasema sawa mwanangu, na mazungumzo yanaishia hapo.

Lakini hebu fikiria tena. Hiyo simu ilikuwa yako. Uliinunua ukiwa mwaka wa kwanza chuoni, ukaitumia hadi skrini ikapata ufa, ukampa mdogo wako, naye alipopata nyingine akampa mama. Hivyo ndivyo simu zinavyotembea huku kwetu. Hazitupwi. Huanza maisha Nairobi au Kisii mjini, kisha siku moja hupanda Probox kurudi nyumbani, Kebirigo, Manga au Nyansiongo, na kuanza kazi upya mikononi mwa mtu mwingine.

Sasa, mahali fulani, ofisini au hata kwenye bweni la chuo, kuna mtu aliyetengeneza ile apu ya chama. Aliandika namba moja ndani ya msimbo wake: toleo la chini kabisa la Android ambalo apu itakubali. Hakumjua mama yako wala hana ubaya naye. Ni vile tu simu kama ya mama haikuwa kwenye orodha ya simu alizojaribia apu yake.

Makala haya yanahusu orodha hiyo. Kama unasomea kompyuta, unajifundisha kuunda apu usiku ukitumia bando, au unasaka kazi ya kujaribu programu mtandaoni, siku moja orodha hiyo itakuwa mkononi mwako. Usipojua kuyataja matoleo kwa majina yao sahihi, utamfungia mtu mlango bila hata kujua.

Mji mmoja, majina matatu

Ukitaka kuelewa fujo ya majina ya matoleo, huna haja ya kwenda mbali. Angalia tu mji wa Kisii. Kwenye ramani ni Kisii. Wazee huuita Getembe. Wengine husema Bosongo, jina lililotokana na Wazungu waliokaa hapo enzi za ukoloni. Makanga akiita jina lolote kati ya hayo matatu, utapanda gari na utafika.

Nyamira nayo ilikuwa sehemu ya wilaya ya Kisii hadi mwishoni mwa miaka ya 1980, ilipopewa wilaya yake. Baadaye Katiba ya 2010 ikaleta kaunti. Kwa hivyo mtu aliyezaliwa Nyamira miaka ya 1970 anaweza kuwa na stakabadhi zinazosema Kisii, ilhali boma lao halijasogea hata hatua moja. Mtu hajahama. Jina ndilo limehama.

Simu yako iko hivyo hivyo. Chukua mfano wa Tecno ya 2018 yenye Android 8.1. Dukani watakwambia ina HiOS, kwa sababu hilo ndilo vazi ambalo Tecno huivisha Android. Infinix huita vazi lake XOS na Samsung huita lake One UI. Ukiuliza mpenzi wa teknolojia, atakwambia hiyo ni Oreo. Ukifungua mipangilio utaona 8.1.0. Na ukimuuliza mtengenezaji wa apu, atakwambia 27, namba ya ndani inayoitwa kiwango cha API.

Majina manne, simu moja. Ya pili na ya nne usiyachanganye: Oreo ni jina la Android 8.0 na 8.1 zote mbili, lakini 8.0 ni kiwango cha 26 na 8.1 ni cha 27. Anayesema “nimejaribu kwenye Oreo” hajakwambia amejaribu kwenye ipi. Ni kama mtu akuambie amefika Keroka, mji ambao mpaka wa kaunti za Kisii na Nyamira umeupitia katikati, na ambao mapato yake yamekuwa chanzo cha mvutano kati ya kaunti hizo mbili. Swali linalofuata ni lile lile: upande gani?

Peremende zilizoisha

Huenda unakumbuka enzi za majina matamu. Android ilianza kuita matoleo yake majina ya vitamutamu kwa mpangilio wa alfabeti: Cupcake na Donut mwaka 2009, kisha Eclair, Froyo, Gingerbread, Honeycomb, Ice Cream Sandwich, Jelly Bean, KitKat, Lollipop, Marshmallow, Nougat, Oreo, hadi Pie mwaka 2018. Raha ilikuwa kukisia herufi inayofuata italeta nini.

Agosti 2019 Google ilitangaza kwamba mchezo umekwisha. Toleo lililofuata liliitwa tu Android 10. Moja ya sababu walizotoa inatuhusu moja kwa moja: katika lugha kadhaa duniani, sauti ya L na sauti ya R hazitofautishwi. Mtu akisikia Lollipop likitamkwa, hawezi kujua kwa hakika kwamba hilo ndilo toleo linalofuata KitKat. Walisema pia kwamba kuna sehemu ambako baadhi ya vitamutamu hivyo si maarufu.

Sasa wewe uliyekulia Gusii unajua hadithi hiyo. Ekegusii kina R, lakini L si sauti yake ya asili. Mwambie nyanya yako, magokoro, aseme Lollipop halafu usikilize. Tena, ni wangapi kati yetu tuliwahi kuonja marshmallow kabla ya kuiona kwenye simu? Jina lililoonekana tamu na rahisi huko California halikumwambia lolote mtu aliyenunua simu yake Daraja Mbili. Namba haina shida hiyo. Kumi ni kumi, uitamke kwa Kiswahili, Kiingereza au Ekegusii.

Hata kampuni nyingine zimejikuta zikipanga majina upya. Mwaka 2025 Apple iliruka kutoka iOS 18 moja kwa moja hadi iOS 26, ili mifumo yake yote ibebe namba moja inayofuata mwaka. Ukikutana na orodha iliyoandikwa 18 kisha 26, usianze kutafuta 19.

Mashine haikisii

Tofauti kati ya makanga na kompyuta ni hii: makanga ukimwambia Getembe, anaelewa Kisii. Kompyuta haielewi.

Kampuni zinazotengeneza apu haziwezi kuajiri watu mia wa kushinda wakibonyeza simu. Badala yake huandika majaribio yanayojiendesha yenyewe. Kila mara mtu akibadilisha mstari wa msimbo, mashine huamka, huwasha simu kadhaa, huweka apu, hujaza fomu, hubonyeza “tuma” na kulinganisha kilichotokea na kilichotarajiwa. Simu nyingine ni halisi, zimepangwa kwenye rafu huku zikichaji. Nyingine ni bandia, yaani programu inayojifanya simu ndani ya kompyuta. Kuna huduma zinazokodisha simu hizo, kama Firebase Test Lab ya Google na BrowserStack, kwa hivyo hata ukiwa Ogembo unaweza kujaribu apu yako kwenye simu iliyo bara jingine.

Ila lazima uitaje simu unayotaka, na kila maabara ina lugha yake. Firebase hutaka kiwango cha API, mfano 27. BrowserStack hutaka namba ya toleo, mfano 8.1. Ukiandika Oreo mahali panapotakiwa 27, jaribio halianzi. Hilo ni kosa jema, maana unaliona papo hapo.

Kosa baya ni lile lisilopiga kelele. Mfano maarufu ni wa namba 10. Kuna programu zinazolinganisha matoleo kana kwamba ni maneno ya kamusi, si namba. Kwenye kamusi unaangalia herufi ya kwanza: 1 hutangulia 9, kwa hivyo “10” hutangulia “9”. Programu iliyoandikwa hivyo huiona Android 10 kuwa nzee kuliko Android 9, na inaweza kumwambia mwenye simu mpya kwamba simu yake imepitwa na wakati. Mtihani wa kuzuia hilo ni mdogo sana: weka 9 na 10 pamoja kwenye orodha yako ya majaribio, uone ipi inatangulia.

Kesho mkopo

Kisha kuna neno linalowaponza wanafunzi wengi: neno la “mpya kabisa”.

Unakijua kile kibao cha dukani kinachosema leo pesa taslimu, kesho mkopo. Ukirudi kesho, kibao kiko pale pale, na kesho imesogea siku moja mbele. Hakidanganyi, ila hakisimami mahali pamoja.

Kwenye GitHub, mahali ambapo vijana wengi huweka msimbo wao, kuna mashine za bure za kuendesha majaribio. Ukitaka mashine ya Linux, unaweza kuandika “ubuntu-latest”, yaani Ubuntu mpya kabisa. Inavutia kwa sababu hulazimiki kufikiria. Lakini jina hilo ni kesho ya dukani. Kwa muda mrefu lilimaanisha Ubuntu 20.04. Kuelekea mwisho wa 2022 likahamishiwa 22.04. Kufikia mapema 2025 lilikuwa limehamia 24.04. Namba zenyewe ni rahisi kusoma: 24.04 ni toleo la Aprili 2024. Basi mradi ambao haujaguswa hata herufi moja unaweza kulala salama na kuamka umevunjika, kwa sababu sakafu chini yake imebadilishwa usiku.

Anayeandika namba kamili naye ana siku yake ya mashaka. Aprili 2025 GitHub iliondoa mashine za 20.04 kabisa, na waliokuwa wameitaja kwa jina walilazimika kuhama. Lakini angalia tofauti. Wao waliambiwa mapema, wakajua ni tarehe gani na ni mstari upi wa kubadilisha. Wa “mpya kabisa” huanza kwa kujilaumu, akichunguza msimbo wake usiku kucha akitafuta kosa ambalo halimo.

Ndiyo maana wenye uzoefu hufanya yote mawili: jaribio moja kwenye namba iliyotajwa, ambalo likifeli kazi inasimama, na jingine kwenye toleo jipya kabisa, la kuwaonya kuhusu yanayokuja.

Simu inayotaja jina lisilo lake

Kuna jambo jingine litakalokushangaza. Tuseme umeunda tovuti, na unataka kujua wageni wako hutumia Android gani. Unafungua rekodi, unakuta karibu wote wanaotumia Chrome wana Android 10. Unafurahi, unajaribu kwenye 10 pekee, unaenda kulala.

Umepotoka. Tangu 2023, Chrome kwenye simu za Android hujitambulisha kwa tovuti kama Android 10, na aina ya simu huandikwa herufi K tu, hata kama simu ni ya Android 8 au 14. Ilifanywa hivyo ili kampuni zisimfuatilie mtu kwa kuunganisha vipande vya habari za simu yake. Ni ulinzi mzuri, lakini ukisoma rekodi hizo kama ukweli mtupu, umedanganyika.

Windows nayo ina yake. Windows 11 hujitaja ndani kwa ndani kama 10.0, sawa na Windows 10. Kinachozitenganisha ni namba ya muundo: kuanzia 22000 kwenda juu ni Windows 11. Hili si la vitabuni tu. Windows 10 iliacha kupata huduma ya kawaida ya usalama tarehe 14 Oktoba 2025, na Windows 7 iliachwa tangu Januari 2020. Chrome ilikoma kuhudumia Windows 7 mwanzoni mwa 2023, toleo la mwisho likiwa 109. Ukiwa saiba unatuma ombi la kazi na ukurasa unakataa kufunguka vizuri, kabla ya kulaumu mtandao angalia kwanza kompyuta yenyewe ni Windows ipi na Chrome ni namba ngapi.

Kwa nini wasihudumie zote?

Haki ni haki, na watengenezaji nao wana upande wao. Piga hesabu. Chukua matoleo 8 ya Android, mavazi 4 ya kampuni tofauti, viwango 3 vya memori na lugha 2. Zidisha, unapata michanganyiko 192. Kila mmoja ukijaribiwa kwa dakika 10, ni saa 32. Na mashine za kukodi hulipiwa. Lazima uchague.

Pia kuna mambo ambayo toleo la zamani haliwezi kabisa. Tovuti nyingi hutumia vyeti vya usalama vya bure kutoka shirika la Let’s Encrypt. Simu za Android za chini ya 7.1.1 hazina cheti kikuu cha shirika hilo kwenye orodha yake ya kuaminika. Kwa miaka kadhaa shirika hilo lilitumia njia ya mzunguko kuzihudumia simu hizo, hadi njia hiyo ilipofika mwisho wake mwaka 2024. Ndipo mtu anaona onyo kwamba tovuti si salama, anadhani ameingiliwa na matapeli, kumbe tovuti iko sawa. Simu yake tu haijapewa orodha mpya ya vyeti.

Lakini hesabu ya watengenezaji nayo ina shimo. Agosti 2023 Google iliacha kuipa KitKat, Android ya 2013, huduma zake za Play. Sababu moja ilikuwa kwamba simu za KitKat zilikuwa zimepungua hadi chini ya asilimia 1 ya simu zote. Asilimia 1 husikika kama vumbi. Ila kumbuka Google ilisema mwaka 2021 kwamba kuna vifaa zaidi ya bilioni 3 vya Android vinavyotumika duniani. Asilimia 1 ya hapo ni milioni 30. Sensa ya 2019 ilihesabu watu 1,266,860 kaunti ya Kisii na 605,576 Nyamira. Jumlisha kaunti zote mbili, kisha zidisha mara 16. Hapo ndipo unafika milioni 30.

Google walikuwa na sababu za kuiacha KitKat baada ya miaka kumi. Kosa ni wewe wa Kisii kuchukua asilimia ya dunia nzima na kuifanya sheria ya chama cha akina mama Nyamira. Wastani wa dunia hauwajui wanachama wako. Kama apu ni ya watu 40, unaweza kuwauliza wote 40 kabla ya kuandika mstari mmoja.

Tena namba ya toleo peke yake haitoshi. Tangu 2017 kuna Android Go, aina nyepesi iliyotengenezewa simu zenye memori ndogo. Julai 2020 Safaricom na Google walipoanzisha mpango wa Lipa Mdogo Mdogo, watu walianza kuchukua simu za aina hiyo kwa kulipa Sh20 kwa siku. Simu mbili zinaweza kuwa na namba moja ya Android, moja ikafungua apu yako mara moja na nyingine ikaganda. Kwa hivyo andika vitu vitatu: toleo, memori, na kama ni Go.

Na wakati mwingine jibu ni kutouliza toleo hata kidogo. M-Pesa ilipozinduliwa Machi 2007, haikuhitaji mfumo wowote wa kisasa. Iliishi kwenye laini ya simu. Hata leo *334# inafanya kazi kwenye kabambe ya tochi. Kama apu yako ina kazi moja muhimu ambayo kila mwanachama lazima aifanye, fikiria kuiweka pia kwenye ujumbe mfupi au menyu ya nyota na reli.

Kazi iko hapa

Sasa tuje kwako unayesaka kazi. Kuna majukwaa yanayolipa watu wa kawaida kujaribu programu kwa simu zao wenyewe. uTest, kwa mfano, limekuwepo tangu 2007. Hautatajirika wiki ya kwanza, na kazi huja kwa msimu. Jukwaa la kweli halikuombi “ada ya usajili”, kwa hivyo ukiombwa pesa kwanza, toroka. Ukijisajili utaulizwa una vifaa gani na vina matoleo yapi. Hapo watu wengi huandika “Tecno, Android” na kuachia hapo, halafu wanashangaa hawaitwi.

Jiweke katika nafasi ya anayepokea ripoti. Mmoja amemwandikia: “Apu yenu haifanyi, imekwama.” Mwingine ameandika: “Tecno, Android 8.1.0 Go, memori ya GB 1, apu toleo 2.3. Nikibonyeza ‘weka mchango’ baada ya kujaza kiasi, skrini inakuwa nyeupe. Nimejaribu mara tatu, mara zote tatu imefanya hivyo. Kwenye Android 11 haifanyi. Nimeambatisha picha ya skrini.”

Ripoti ya kwanza hata mtengenezaji akiwa na moyo mzuri hawezi kuifanyia chochote. Ya pili anaichukua jinsi ilivyo, anawasha simu bandia yenye namba hiyo hiyo, na kabla ya chakula cha mchana ameiona hitilafu kwa macho yake. Tena anaweza kuiongeza kwenye majaribio yake ili isirudi kamwe. Huhitaji digrii kuandika ripoti hiyo. Unahitaji kufungua Mipangilio, kwenda Kuhusu simu, na kusoma Toleo la Android bila kuruka nukta hata moja.

Na usidharau ile simu ya zamani iliyo kwenye droo. Simu mpya kila mtengenezaji anazo. Yenye Android 7 au 8, iliyojaa picha, chaji inayoisha upesi na mtandao wa kubahatisha wa kule mlimani Manga, hiyo hana. Hakuna simu bandia inayoiga hayo yote vizuri.

Kama wewe ndiwe unayeunda apu, fanya hivi wiki hii. Uliza watu kumi utakaowahudumia wakusomee namba za simu zao. Chukua iliyo ya chini kabisa, iweke ya kwanza kwenye orodha ya majaribio, na uiandike kwa kiwango chake cha API. Ongeza moja ya katikati na moja mpya. Kisha weka sentensi moja ya Kiswahili rahisi mahali watu wanapoipata apu: inafanya kazi kuanzia Android namba fulani. Siku utakapolazimika kuacha toleo, tangaza miezi kadhaa mapema na useme tarehe. Mtu akijua tarehe, anaweza kuweka akiba ya simu nyingine. Asipojua, atagundua asubuhi ya mkutano.

Na kuhusu mkutano, mama bado anangoja. Matatu haijajaa, una dakika kumi. Mpigie. Usimwambie simu ni ya kitambo. Mwambie, “Mama, fungua Mipangilio, shuka hadi chini kabisa, bonyeza Kuhusu simu. Nisomee pale palipoandikwa Toleo la Android.” Atavaa miwani, atasoma polepole: nane, nukta, moja, nukta, sufuri.

Ichukue namba hiyo, ongeza jina la simu na memori, umtumie aliyetengeneza apu. Huenda akashusha kiwango chake usiku huo huo, maana mara nyingine namba ile ya chini iliwekwa bila sababu yoyote ya maana. Huenda akasema haiwezekani, na akakueleza kwa nini. Kisha mtumie katibu wa chama ujumbe wa pili: daftari la karatasi lisifungwe kesho, kuna wanachama wenye Android 8.1 ambao apu bado haijawafikia. Hapo katibu atakuwa na jambo la kuuliza mkutanoni: wengine wenu mna ngapi?